Bomba la Mafuta Likiingia Darasani

Ukitaka kufundisha jambo la dunia linalozua ubishi, usilitafute mbali. Mabadiliko ya tabianchi yakifundishwa kwa picha za barafu inayoyeyuka ncha ya kaskazini, mwanafunzi wa Nzega atanakili maelezo, atajibu mtihani, basi. Yafundishe kwa bomba la mafuta linalokatiza wilayani kwake, naye atakuwa na la kusema. Pengine atakuwa na mengi kuliko ulivyojiandaa kuyasikia, na ndiyo maana mwongozo huu umeandikwa.

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 ziko Tanzania, nalo linapita mikoa minane: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Mafuta ya Ziwa Albert, yaliyogunduliwa mwaka 2006, yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba linapashwa moto kwa umeme njia nzima lisishuke chini ya nyuzi 50. Kiwanda cha kuyavika mabomba hayo mfumo wa joto kilijengwa Sojo, hapo hapo Nzega. Mwanafunzi wako huenda ana mjomba aliyefanya kazi ya ulinzi pale, au bibi aliyelipwa fidia ya mihogo yake, au kaka anayefuatilia wanaharakati wa Kampala kwenye simu. Watu hao watatu hawasemi lugha moja kuhusu bomba, na huyo mtoto anakula nao wote.

Mwalimu wa Kenya anaweza kuchukua mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, wa megawati 1,050, ambao leseni yake ya mazingira ilifutwa na baraza la rufaa za mazingira mwezi Juni 2019. Mwalimu wa Lubumbashi au Kolwezi ana kobalti, inayochimbwa kwao ili magari ya umeme ya ughaibuni yasitoe moshi. Mimi nitabaki na bomba.

Kwanza, tenga maswali

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na inafanyika mezani kwako kabla ya kipindi. Tumezoea kuamini kwamba jambo lenye ubishi lina pande mbili, na kazi ya mwalimu ni kuzipa pande hizo nafasi sawa. Si kweli. Jambo kama bomba ni furushi la maswali mengi yaliyofungwa pamoja. Mengine yana majibu, mengine yanakadiriwa, na machache tu ndiyo ya kubishaniwa. Ukilitupa furushi zima darasani bila kulifungua, wanafunzi watapiga kura juu ya sayansi na watakariri juu ya haki, yaani watafanya kinyume cha kinachotakiwa.

Chukua karatasi, uandike kila swali unalodhani litazuka. Je, mafuta yakichomwa hutoa hewa ukaa, na hewa ukaa huongeza joto la dunia? Ndiyo. Hilo limechunguzwa na wanasayansi wa nchi nyingi, wakiwemo wa nchi zinazouza mafuta. Lifundishe, usilifanyie mdahalo. Nani wanamiliki bomba? TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, mashirika ya mafuta ya taifa ya Uganda na Tanzania yana asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China ina 8. Hilo nalo halina upande wa pili, ingawa lina mshangao: wanafunzi wengi hudhani bomba ni la serikali peke yake, au la Wazungu peke yao.

Kisha yako maswali ya makadirio, na haya ni matamu kufundisha kwa sababu namba zenyewe zinagombana. Mwaka 2022 taasisi ya Marekani iitwayo Climate Accountability Institute ilikadiria kuwa mradi utasababisha tani milioni 379 za hewa ukaa kwa miaka 25. Tathmini ya mazingira ya mradi wenyewe ilitaja kiasi kidogo mno kikilinganishwa na hicho. Usikimbilie kuuliza nani kadanganya. Taasisi ile ilihesabu safari nzima ya mafuta: bomba, meli, kiwanda cha kusafishia, hadi injini ya gari huko yatakakochomwa. Tathmini ya mradi ilihesabu ujenzi na uendeshaji wa bomba. Waulize wanafunzi: moshi wa gari linalotembea Shanghai uandikwe kwenye daftari la nani, aliyechimba, aliyesafirisha au aliyewasha gari? Utaona darasa likitulia ghafla. Hapo hesabu imeingia kwenye uadilifu, na wameiona ikiingia.

Fedha nazo zifanyiwe hivyo hivyo. Nauli iliyotangazwa ya kupitisha pipa moja ni dola 12.77. Bomba likipitisha mapipa 200,000 kwa siku, mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kupata dola 2,554,000 ubaoni. Atashangilia. Mwache ashangilie kidogo, kisha umuulize: fedha hizo zinaingia kwa kampuni ya bomba, kabla hazijafika kwa mwenye hisa ya asilimia 15, zinapitia wapi? Mikopo, riba, mishahara, umeme wa kupashia moto. Halafu umuulize kuhusu kodi, ambayo ni mlango mwingine wa serikali kupata chake. Somo moja la hisabati kama hilo lina uraia mwingi ndani yake kuliko hotuba kumi.

Mwisho kabisa, kwenye kona ya karatasi yako, yatabaki maswali ambayo ushahidi pekee hauwezi kuyamaliza kwa sababu yanategemea mtu anathamini nini zaidi. Nchi ambayo vijiji vyake vingi bado vinapikia kuni iache mafuta yake ardhini ili dunia isizidi kuungua? Mkulima anayepoteza kipande cha shamba kwa ajili ya mapato ya taifa alipwe bei ya ardhi tu, au pia sehemu ya faida? Haya ndiyo ya kujadili. Mawili yanatosha kwa wiki nzima.

Wajerumani walikwisha kuumiza vichwa na jambo hili. Mwaka 1976, katika mji mdogo wa Beutelsbach, wataalamu wa elimu ya uraia waliokuwa wakivutana kisiasa walifikia makubaliano ambayo walimu wa huko wanayafuata hadi leo: mwalimu asimlemee mwanafunzi kwa maoni yake, jambo linalobishaniwa na wanazuoni na wanasiasa lionekane hivyo hivyo darasani, na mwanafunzi awezeshwe kupima jambo kwa kuangalia maslahi yake mwenyewe. Lile la pili lina makali pande zote mbili: lisilobishaniwa na wenye ujuzi nalo lisivalishwe ubishi kwa sababu tu kuna mtu analipigia kelele mtandaoni.

Na yako mambo ya kutofunguliwa kabisa. Usiitishe mdahalo kama watu wenye ualbino ni binadamu kamili, kama kabila fulani lina akili kuliko jingine, kama binti akeketwe. Ukiliweka swali la namna hiyo mezani umemwambia mtoto aliyekaa dawati la tatu kwamba utu wake unasubiri kura.

Mdahalo tuliouzoea unaharibu kazi

Nasema hivi nikijua nitawaudhi walimu wa klabu za midahalo. Mdahalo wa shule zetu, wenye mwenyekiti, katibu, mtunza muda na hoja ya kwamba maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini, unafundisha ujasiri wa kusimama mbele za watu, na hilo ni jema. Lakini unamfundisha mtoto pia kwamba akipangiwa upande basi ukweli wote uko upande huo, na kwamba mwenzake akisema la maana dawa yake ni makofi ya washabiki. Kwa mambo ya mjini na kijijini hakuna anayeumia. Kwa bomba, mtoto ambaye nyumba yao ilivunjwa atapangiwa kuutetea mradi, akashindwa, akazomewa.

Njia iliyo bora zaidi ilibuniwa na ndugu wawili, David na Roger Johnson, wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Nimeibana hapa iingie katika vipindi viwili vya mfululizo, dakika 80, na katika darasa la watoto 70 lenye madawati ya kusukumana. Haihitaji projekta.

Gawa darasa katika makundi ya wanafunzi wanne, wale wale wanaokaa dawati moja na wa nyuma yao, ili usipoteze muda kuhama. Ndani ya kila kundi, wawili wanapewa kauli ya kuitetea na wawili wanapewa kauli ya kuipinga. Tumia dakika 10 za mwanzo kuwapa yale maswali yenye majibu, ubaoni, wayaandike. Dakika 15 zinazofuata kila jozi inasoma kadi yake na kupanga hoja zake. Kisha jozi ya kwanza inaeleza kwa dakika 10 huku jozi ya pili ikiandika tu, bila kukatiza. Jozi ya pili nayo inapata dakika 10 zake.

Sasa linakuja tendo ambalo hupaswi kuliruka hata kengele ikikukimbiza. Kwa dakika 10 wanabadilishana. Kila jozi inaeleza hoja za wenzao, kwa nguvu, hadi wenye hoja waseme, "Ndivyo tulivyosema." Wasiposema hivyo, maelezo yanarudiwa. Utasikia vicheko, utasikia "hapana, hujanielewa", utasikia mtoto ambaye hajawahi kunyoosha kidole akimsahihisha mwenzake. Baada ya hapo pande zinavunjwa. Kwa dakika 15 wanne wale wanaandika pamoja sentensi tatu: tunakubaliana kuhusu nini, hatukubaliani kuhusu nini, na ni taarifa gani ingetusaidia kuamua. Dakika 10 za mwisho ni za kila mmoja kuandika msimamo wake kimya kimya.

Kauli yenyewe itunge vizuri. "Bomba lijengwe au lisijengwe" imepitwa na wakati. Mabomba yameshafukiwa katika wilaya nyingi, na wanafunzi hawapendi kujadili jambo lililokwisha kuamuliwa. Jaribu hii: "Nchi maskini zina haki ya kuuza mafuta mapya hata kama nchi tajiri zinatakiwa kuacha." Hii bado iko wazi, na itakuwa wazi hata watakapokuwa na watoto wao.

Kadi

Kadi ziandike mwenyewe kwa Kiswahili chepesi, maneno kama 150 kila moja. Kama hakuna mashine ya kurudufu, ziandike kwenye karatasi za manila na uzibandike ukutani, moja kila kona. Lugha nisisitize. Katika sekondari zetu nyingi mtoto anatakiwa kujadili kwa Kiingereza, na matokeo yake wanaozungumza ni wale watano waliosoma shule za mchepuo huo. Wengine wanahesabu tembe za chaki sakafuni. Jambo la uadilifu halijadiliwi kwa lugha ya kuazima. Mpe mwalimu wa Kiswahili kipindi hicho, au omba ruhusa.

Kadi ya upande wa kuunga mkono iwe na uzito wake halisi. Bara la Afrika, pamoja na watu wake wote, linatoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia. Nchi zilizotajirika zilitajirika kwa makaa ya mawe na mafuta. Mwezi Mei 2022, baada ya vita vya Ukraine kuitia mashakani gesi ya Urusi, kansela wa Ujerumani Olaf Scholz alikwenda Dakar kuzungumzia gesi ya Senegal. Miezi minne baadaye, Septemba 2022, Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulaumu mradi wa bomba na kuitaka TotalEnergies iusimamishe kwa mwaka mmoja kuangalia njia nyingine. Uganda ilijibu kwa ukali kwamba huko ni kuingiliwa.

Kadi ya kupinga nayo isiwe ya kitoto. Mwezi Mei 2021 Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema kwamba katika njia ya kufikia lengo la kusawazisha hewa ukaa ifikapo mwaka 2050 hakuna haja ya maeneo mapya ya kuchimba mafuta zaidi ya yaliyokwisha kuidhinishwa. Sehemu ya visima vya Uganda iko ndani ya hifadhi ya Murchison Falls. Maelfu ya kaya ziliguswa na utwaaji wa ardhi katika nchi mbili, na baadhi zililalamika kwamba fidia ilichelewa huku zikiwa zimeambiwa zisipande mazao ya kudumu. Benki nyingi kubwa za Ulaya na Marekani zilikataa kuukopesha mradi, hadi mwaka 2025 fedha za awamu ya kwanza zikatangazwa kutoka kwa wakopeshaji wa Afrika, wakiwemo Afreximbank na Standard Bank, na wa nchi za Kiislamu. Na mwenye kuanza kuuza mafuta leo anaweza kukuta soko limeshuka kabla hajamaliza deni.

Ukimaliza kuandika, kila kadi mpe mtu wa upande wake aisome. Bila shaka kuna mwalimu mwenzako anayeunga mkono mradi na mwingine anayeupinga. Akisema "nisingeeleza hivi", irekebishe. Kila mmoja wetu huandika kwa uvivu zile hoja asizozipenda.

Mambo yatakayokukwaza

Hoja ya unafiki itakuja mapema na itapigiwa makofi: Wazungu walichimba, leo wanatukataza. Ni hoja nzito, usiipuuze. Lakini wafundishe kuigawa. Kwamba msemaji ni mnafiki ni habari kumhusu yeye. Kama alichosema ni kweli au la, hilo bado linatakiwa kuchunguzwa. Daktari mvutaji sigara anayekukataza sigara ana kasoro, na mapafu yako bado yataharibika. Wakishalielewa hilo kwa Wazungu, wageuzie upande wa pili: mwanaharakati akiwa analipwa na shirika la nje, je, hilo peke yake linafanya takwimu zake kuwa za uongo?

Mtoto ambaye familia yake iliguswa usimwite ashuhudie. Akitaka mwenyewe, sawa. Zungumza naye siku moja kabla, pembeni, umweleze kitakachofundishwa, umpe uhuru wa kukaa kimya au kuchagua upande. Mtoto wa mfanyakazi wa mradi naye apewe heshima hiyo hiyo. Tunamsahau kwa sababu tunadhani hana kidonda.

Ujilinde na wewe. Oktoba 2022 wanafunzi wa chuo walikamatwa Kampala kwa kuandamana kuhusu bomba hili hili, kwa hiyo usijifanye hujui kuwa jambo lina moto. Liandike somo kwenye azimio la kazi na kwenye andalio la somo, ulihusishe na mada iliyomo katika muhtasari: matumizi ya rasilimali, mabadiliko ya tabianchi, ushirikiano wa kimataifa. Mwonyeshe mkuu wa shule kadi zote mbili kabla ya siku yenyewe. Mkuu aliyeziona kadi atakutetea mzazi akija na hasira. Aliyesikia habari kwa jirani atakuita ofisini. Mwanafunzi akitaja jina la kiongozi kwa matusi, mrudishe kwenye kadi: "Hoja yako ni ipi, bila jina?" Mara nyingi hoja ipo.

Kuhusu klipu za WhatsApp na TikTok watakazozitaja, usizikatae wala usizikubali. Ziandike ubaoni upande wa kulia, chini ya kichwa "bado kuthibitishwa", na umpe aliyeleta kazi ya kutafuta nani alisema kwanza na alijuaje. Wengine hawatarudi na jibu. Iache hapo ubaoni ilivyo.

Wewe uko upande gani?

Watakuuliza. Mwingereza Lawrence Stenhouse, katika mradi wake wa mitaala ulioanza mwaka 1967, alitaka mwalimu awe mwenyekiti asiyetoa maoni kabisa. Wengine wanaona huko ni kujificha, kwamba kijana anahitaji kumwona mtu mzima akifikiri mbele yake. Kwa madarasa yetu nakubaliana na Stenhouse nusu. Neno la mwalimu kwetu huwa notisi. Ukilisema dakika ya 10, dakika ya 11 liko kwenye madaftari 70 na litarudi kwako kwenye mtihani. Kwa hiyo kaa nalo hadi wameshaandika msimamo wao. Baada ya hapo wakiuliza tena, waambie kwa ukweli unavyofikiri, ni hoja gani ya upande mwingine inayokusumbua, na ni jambo gani likithibitishwa utabadili mawazo. Kama hakuna, nyamaza, maana hujawa tayari kulifundisha jambo hili.

Insha utakazokusanya zisahihishe kwa alama 10, na usiweke hata moja kwa msimamo. Toa 4 kwa kueleza hoja ya upande usio wake namna mwenyewe angeikubali, 3 kwa kutumia taarifa sahihi na kusema imetoka wapi, 3 kwa kuonyesha wapi ushahidi unaishia na wapi uamuzi unaanzia. Kabla ya kuanza, funika majina. Ukifika mwisho zipange kwa alama, utazame zilizoko juu: kama zote zinafanana na maoni yako, rudia kuzisoma kesho yake.